Uzito na balansi ya ndege kwenye simuleta: maswali yanayojirudia kila wiki

Wakuu, nimechoka kujibu jambo lilelile mara kumi kwa siku kwenye magrupu ya simuleta, yaani programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya ajabuajabu, na kila swali lina namba, nikikwambia rudi swali fulani basi rudi tu, sirudii maelezo.

## Ya mwanzo kabisa

1. Hii mambo ya uzito na balansi ni nini hasa, na nikiiacha ilivyo kuna shida gani?

Ni vitu viwili. Cha kwanza, ndege ina uzito kiasi gani. Cha pili, huo uzito umekaa wapi. Cha kwanza kila mtu anakielewa, cha pili ndo watu wanakidharau.

Chukua baiskeli ya mkaa. Gunia likikaa katikati ya keria unaendesha freshi, lilelile ukilisogeza nyuma kidogo likaning'inia, ukifika kwenye mlima tairi la mbele linanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kama hauna kitu, unakata kushoto baiskeli haisikii. Uzito haujaongezeka hata gramu. Ndege ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba kwenye ndege huwezi kuweka mguu chini.

Ukiacha ilivyo kwenye simuleta ndege itaruka tu, mara nyingi na rubani mmoja na mafuta nusu ambayo programu imekuwekea yenyewe. Ila hapo unaendesha ndege nyepesi ambayo haipo kwenye maisha ya kawaida, halafu unashangaa mbona inapaa kama roketi na kwenye kutua inaelea haitaki kushuka.

2. CG ni nini, na inapimwa kutoka wapi?

CG ni kitovu cha uzito, ile sehemu moja ambayo ungeweza kuitundika ndege kwa kamba ikakaa sawa bila kuinamisha pua wala mkia. Inapimwa kutoka sehemu ambayo kiwanda kimechagua, inaitwa datamu. Kwenye Cessna 172S datamu ni uso wa mbele wa ule ukuta unaotenganisha injini na kabini. Umbali wa kitu kutoka datamu unaitwa mkono, na uzito ukizidisha na mkono unapata momenti. Jumlisha momenti zote, gawa kwa uzito wote, umepata CG. Hamna siri nyingine, ni hesabu za darasa la saba.

3. CG ikienda mbele sana au nyuma sana nitaona nini?

Mbele sana: pua nzito. Unavuta usukani kwenye ranwei na ndege haitaki kunyanyuka mpaka spidi ipite, ukiwa angani mkia unalazimika kusukuma chini kwa nguvu ili pua isishuke, na hiyo nguvu ya kusukuma chini ni kama mzigo wa ziada ambao mabawa yanaubeba, kwa hiyo spidi ya stoli, ile ambayo ukishuka chini yake mabawa yanaacha kubeba ndege, inapanda na mafuta yanaliwa zaidi. Kwenye kutua ndo utaona kazi, unavuta mpaka mwisho na pua bado inataka kugonga kwanza.

Nyuma sana: mwanzoni utaipenda. Ndege inakuwa nyepesi mkononi na hata spidi inaongezeka kidogo. Ila ukiigusa tu inaendelea yenyewe, ukivuta kidogo inapandisha pua zaidi ya ulivyotaka, na ikistoli eleveta, kile kibao cha mkiani kinachonyanyua na kushusha pua, inaweza isiwe na ubavu wa kushusha pua tena. Ndo maana 172S inaruhusiwa kufanya spini (kuanguka huku inazunguka) za makusudi pale tu inapokuwa kwenye kundi la utiliti, uzito usizidi pauni 2,200, siti za nyuma na buti tupu, na kikomo cha nyuma cha CG kinasogezwa mbele kutoka inchi 47.3 mpaka 40.5.

Jaribu mwenyewe, ni dakika tano. Panda na 172 futi 6,000, fanya stoli ukiwa peke yako. Halafu jaza siti za nyuma na buti upitishe kikomo, fanya tena. Hilo jaribio moja limenifundisha kuliko video zote nilizoangalia.

## Hesabu

4. Nionyeshe hesabu moja kamili ya Cessna 172.

Twende na 172S. Uzito wa juu wa kupaa ni pauni 2,550, ambayo ni kilo 1,157. Mikono ipo kwenye kitabu cha ndege: siti za mbele inchi 37, mafuta 48, siti za nyuma 73, buti la kwanza 95. Tuseme ndege yetu tupu ina pauni 1,680 na CG yake ni inchi 40, hiyo ni ya mfano tu.

| Kitu | Pauni | Mkono | Momenti |
|---|---|---|---|
| Ndege tupu | 1,680 | 40 | 67,200 |
| Wawili mbele | 340 | 37 | 12,580 |
| Wawili nyuma | 320 | 73 | 23,360 |
| Begi buti la kwanza | 50 | 95 | 4,750 |
| Mafuta galoni 53 | 318 | 48 | 15,264 |

Jumla ya uzito pauni 2,708. Umezidisha 158. Watu wanne wa kawaida kabisa, begi moja, tangi limejaa, na tayari hesabu imekataa! Ndege ya siti nne sio lazima iwe ndege ya watu wanne, na hilo watu wengi wanalijua siku wanayofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza.

Huwezi kumkata mtu mguu, unapunguza mafuta. Ukiweka galoni 26, ambazo ni pauni 156, jumla inakuwa 2,546. Momenti zote 115,378, gawa kwa 2,546 unapata inchi 45.3. Kikomo cha mbele kwa uzito wa 2,550 ni 41 na cha nyuma ni 47.3, kwa hiyo uko ndani. Sasa umeshajua pia kwamba safari yako sio ya masaa manne tena, panga kituo cha kuongeza mafuta.

Angalia kitu kimoja hapo: begi la pauni 50 lina momenti kubwa kuliko theluthi ya watu wawili wa mbele wenye pauni 340. Buti lipo mbali. Ndo maana buti la kwanza kikomo ni pauni 120 na la pili, la nyuma zaidi, ni 50, na yote mawili kwa pamoja hayatakiwi kuzidi 120.

5. Kilo, pauni, galoni, lita, mi nachanganyikiwa.

Kilo moja ni pauni 2.2. Mafuta ya ndege za pistoni galoni moja ya Marekani ni pauni 6, mafuta ya jeti na tabopropu ni pauni 6.7. Kwa lita ni kama kilo 0.72 na kilo 0.8. Bandika karatasi ukutani.

Na usijione mjinga, wakubwa wameshafanya. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilifanywa kwa pauni wakati ndege ilikuwa inahesabu kwa kilo, wakaondoka na chini ya nusu ya mafuta waliyohitaji, wakaishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani pale Gimli. Kwenye simuleta angalia mpangilio wa vipimo kabla ya kitu chochote, maana ukibadilisha kutoka pauni kwenda kilo kwenye menyu kuu, tableti ya ndege, ile skrini ya ndani ya ndege ya kupangia mzigo, inaweza kubaki na vipimo vyake.

6. Mbona kwenye jeti CG inaandikwa kwa asilimia?

Ni asilimia ya MAC, yaani wastani wa upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele mpaka wa nyuma. Tuseme huo upana ni mita 4 na ukingo wa mbele uko mita 16 kutoka datamu, CG ikiwa mita 17 basi imeingia mita 1 kati ya 4, ndo asilimia 25. Faida yake ni kwamba namba inakwambia moja kwa moja uzito umekaa wapi kwenye bawa, na bawa ndo linabeba.

## Zana

7. Kwa simuleta yangu natumia nini?

Microsoft Flight Simulator: ndege ndogo zinatumia kidirisha chake chenyewe cha mafuta na mizigo, kipo kabla ya safari na pia ukiwa ndani. Kinatosha. Ad-oni kubwa, yaani ndege za kuongezea kwenye simuleta, kama PMDG 737 na Fenix A320 zina tableti yao, na hapo kanuni ni moja: tumia tableti ya ndege, kidirisha cha simuleta usikiguse, vikigombana utapata ndege yenye uzito usioeleweka.

X-Plane: dirisha la uzito, balansi na mafuta. Kwenye X-Plane 11 kuna kitelezi cha kusogeza CG kwa mkono, ambacho ni kizuri kwa majaribio kama ya swali la 3 ila ni kibaya kwa uhalisia, kwa sababu unaweza kuipeleka CG popote bila mzigo wowote kuhama.

FlightGear: menyu ya vifaa, halafu mafuta na mizigo. Ni ya bure na inakubali hata kompyuta za kawaida, msiidharau. Kumbuka Cessna yake ya kuanzia ni 172P ambayo uzito wake wa juu ni pauni 2,400, sio 2,550, kwa hiyo usinakili hesabu ya swali la 4 kama ilivyo.

8. SimBrief inanipa namba, mi nafanya nini nazo?

SimBrief inakupangia safari nzima bure, na kwenye ile karatasi ya safari kuna abiria, mizigo, mafuta na uzito wa kila hatua. Ila yenyewe haijui ndege yako ikoje mpaka uiambie. Ukitumia wasifu wa 737 wa jumla wakati ad-oni yako ina uzito tupu tofauti, namba zitatofautiana kwa mamia ya kilo. Ingia kwenye wasifu wa ndege, weka uzito tupu na vikomo vya ad-oni unayorushia, mara moja tu, basi.

9. Nimejaza kila kitu kwenye tableti, mbona ndege bado inagoma kunyanyuka?

Hili ndo swali namba moja kwa kuulizwa, na jibu karibu kila mara ni lilelile: namba zako hazifanani sehemu tatu. Kuna namba kwenye mpango wako, kuna namba ambayo ndege imepakiwa kweli, na kuna namba uliyoiandika kwenye kompyuta ya ndege. Tableti ikipakia ndege haina maana kompyuta imejua. Kwenye 737 wewe ndo unaandika uzito bila mafuta, kwenye A320 unaandika kwenye ukurasa wa INIT B pamoja na CG yake.

Mi mwenyewe niliwahi kukaa jioni nzima natukana ad-oni kwamba ina kasoro. 737, tani 60 bila mafuta, nimeandika 50. Kompyuta ikanipa spidi za ndege nyepesi, nikavuta kwa spidi hizo, pua ikapanda, magurudumu yakabaki chini, mkia ukasugua lami. Nikarudia mara tatu! Mara ya nne ndo nikaona ile 5.

Kosa la aina hiyo lilitokea kweli Melbourne tarehe 20 Machi 2009. Airbus A340 ya Emirates, kwenye kompyuta ya kupigia hesabu za kupaa iliingia tani 262.9 badala ya 362.9. Nguvu ya injini ikapunguzwa kwa hesabu ya ndege nyepesi, mkia ukasugua ranwei, ndege ikapita mwisho wa lami na kugonga antena kabla haijapanda. Walirudi salama. Tarakimu moja tu.

Kwa hiyo kabla ya kusukuma nguvu: soma uzito kwenye mpango, soma kwenye kidirisha cha mzigo, soma kwenye kompyuta. Kwa sauti kabisa, hata kama wa nyumbani watakucheka.

10. Naweza kutengeneza zana yangu kwa Excel?

Unaweza na nakushauri. Safu A jina la kitu, B uzito, C mkono, D andika =B2*C2 uivute chini. Mwisho jumlisha B, jumlisha D, gawa D kwa B. Ongeza mstari wa pili wa jumla usio na mafuta, utaona CG ya ndege tangi likiisha, utaihitaji kwenye swali la 13. Usijaze rangi na mapambo kwanza, anza na hesabu.

## Ndege kubwa kidogo

11. Nikiruka na Cessna Caravan, ile ndege ya abiria ya injini moja, kati ya Dar na Zanzibar niweke mafuta kiasi gani?

Sio full tanki, tafadhali. Caravan ya Grand EX ina uzito wa juu wa kupaa pauni 8,807, na galoni 332 za mafuta yanayotumika ni kama tani moja nzima. Tani moja ni abiria kumi na mbili wa kilo 80 na chenji. Safari ni kama dakika ishirini hewani. Weka ya kwenda, ya kurudi au ya kwenda uwanja mbadala, na akiba.

Mtu aliyewahi kupanda hizi ndege za kisiwani na za mbugani anajua: begi laini kilo 15, na rubani anaangalia watu halafu anasema wewe bwana njoo mbele, mama kaa pale. Wengi wanadhani ni ubaguzi wa siti, kumbe anafanya balansi. Kwenye simuleta fanya hivyohivyo, jaza siti za mbele kwanza, za nyuma mwisho.

12. Uzito bila mafuta, wa kupaa, wa kutua, kwa nini vikomo vitatu?

Kila kimoja kinalinda kitu tofauti. Kwa 737-800 ya juu kabisa ni kilo 62,731 bila mafuta, 79,015 kupaa, 66,360 kutua. Mafuta yako kwenye mabawa na uzito wake unayashikilia yasipinde kupita kiasi, wakati abiria wako kwenye mwili na wanavuta mizizi ya bawa, ndo maana abiria na mizigo wana kikomo chao peke yao. Cha kutua ni cha magurudumu na mwili.

Kinachowakamata watu ni cha kutua. Unajaza mafuta mengi kwa safari ya saa moja, unapaa vizuri, unafika ukiwa na kilo 69,000. Hapo ni kuzunguka mpaka mafuta yapungue na uzito ushuke chini ya kikomo.

Na trimu, ule mpangilio wa mkia unaoshikilia pua mahali pake: ukishaandika CG kwenye ukurasa wa kupaa, kompyuta ya 737 inakupa namba ya trimu. Weka hiyo, usiweke ile uliyoizoea. CG ya mbele inataka namba kubwa zaidi ya pua juu.

## Kesi za pembeni

13. CG inahama nikiwa hewani?

Ndio. Kwenye hesabu ya swali la 4 mafuta yakiisha CG inatoka 45.3 inaenda 45.1, huoni tofauti. Ila ndege ndogo ya Bonanza matangi yake yako mbele ya CG, mafuta yakiungua CG inarudi nyuma, na unaweza kupaa ukiwa ndani ya kikomo ukatua ukiwa nje. Kwa Bonanza piga hesabu mara mbili kila safari.

Wakubwa waliligeuza kuwa faida. Concorde ilisukuma mafuta nyuma ikivuka spidi ya sauti na kuyarudisha mbele ikipunguza, na A330 ina tangi kwenye mkia kwa ajili ya kubana matumizi.

14. Abiria wakihama siti inaleta tofauti?

Kwenye jeti kubwa mtu mmoja kwenda chooni, hapana. Kwenye ndege ndogo watu wengi kwa pamoja, ndio, sana. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ya abiria aina ya Let L-410 ilianguka Bandundu kule Kongo, wakafa watu 20, akabaki mmoja. Habari zilizotoka kwa huyo aliyepona ni kwamba kulikuwa na mamba kwenye begi la abiria, akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa pamoja. Inasikika kama hadithi ya kijiweni, lakini hesabu zake zinaeleweka: kilo mia kadhaa zikihama mita tatu nne wakati ndege inakaribia kutua, rudi swali la 3 uone nini kinafuata.

Simuleta nyingi haziwahamishi watu zenyewe. Ukitaka mazoezi, hamisha uzito kwenye kidirisha ukiwa unaruka.

15. ATR yangu, ile ndege ya abiria ya propela mbili, imekaa mkia chini getini, ni kasoro?

Hapana, umepakia nyuma kwanza. ATR abiria wanapandia mlango wa nyuma na mzigo mkubwa uko mbele, kwa hiyo watu wakijazana nyuma wakati mbele ni tupu mkia unazama. Ndo maana uwanjani utaona inawekewa nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia. Pakia mbele kwanza.

16. Uzito sawa, CG sawa, bado haipandi.

Uko wapi? Uwanja wa Wilson pale Nairobi upo futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua hewa inakuwa nyepesi zaidi ya hapo. Uzito uliokubalika Mombasa unaweza kuwa mwingi Nairobi kwa ndege ileile. Kikomo cha uzito ni cha muundo wa ndege, hakijui joto wala mlima, kwa hilo angalia majedwali ya kupaa. Na kwa 172 ukiwa juu hivyo punguza mchanganyiko wa mafuta, nusu ya wanaoniuliza hili wameuacha mbele kabisa.

17. Nimefungua faili la ndege, mbona mikono ina alama ya kutoa?

Kwenye flight_model.cfg ya Microsoft Flight Simulator kila siti imeandikwa uzito, halafu mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, na ni futi, sio inchi. Mbele ni chanya na nyuma ni hasi, kinyume na kitabu cha Cessna ambacho nyuma ya datamu ni chanya. Datamu yenyewe pia inaweza isiwe ileile. Usinakili 73 kutoka kwenye kitabu ukaiweka hapo, utampeleka abiria futi 73 mbele ya datamu. Weka nakala ya faili kabla hujagusa.

18. Helikopta?

Ndogo zina balansi ya kushoto na kulia pia, ukiwa peke yako inaning'inia upande mmoja na fimbo inakaa pembeni kidogo. Ni kawaida.

19. Hesabu za simuleta naweza kuzitumia kwenye ndege ya kweli?

Hapana. Kila ndege ya kweli ina karatasi yake ya kupimwa kwenye mizani, kwa namba yake ya usajili, na 172 mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kupishana kwa kilo nyingi kwa sababu moja imebadilishwa redio na nyingine imewekewa siti mpya. Kama unasoma urubani, omba hiyo karatasi hapo chuoni kwenu, hesabu ni ileile ya swali la 4, namba tu ndo zinabadilika.